Mwongozo kamili: Kutengeneza kichocheo cha atomu mojamoja cha kupasua maji, ukiwa Kigoma

Lengo ni unga wa kaboni uliobeba kobalti, kila atomu ya kobalti ikikaa peke yake, ili uharakishe kupasua maji kwa umeme kuwa haidrojeni na oksijeni. Wanaojaribu kazi hii hukwama palepale. Unga unatoka mweusi na laini, unapakwa kwenye elektrodi, mapovu yanaonekana, ripoti inaandikwa. Kisha sampuli inapelekwa kwenye mashine ya eksirei na jibu linarudi: hapa hakuna atomu mojamoja, hapa kuna madonge ya kobalti.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja, kobalti imezidi. Mtu akitazama miligramu 25 za chumvi anaona hazitoshi hata kuchafua kijiko, mkono unamwasha, anaongeza. Mwongozo huu umeandikwa kuuzuia mkono huo. Ni kwa walimu wa kemia, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi wa vyuo walioko Kigoma au wanaorudi nyumbani na mradi mkononi. Unashughulika zaidi na kathodi, upande wa haidrojeni, kwa sababu huko ndiko kaboni hustahimili. Upande wa oksijeni una sehemu yake karibu na mwisho.

## Vinavyohitajika

Kemikali:

- Kaboni nyeusi ya maabara, ile inayopitisha umeme, gramu 5
- Kobalti naitreti yenye maji sita, Co(NO₃)₂·6H₂O
- Urea safi ya maabara, gramu 100
- Asidi ya naitriki na asidi ya salfuriki
- Potasiamu haidroksaidi (KOH) safi kadiri unavyoweza kuipata
- Isopropanoli, na myeyusho wa asilimia 5 wa Nafion, plastiki inayopitisha ayoni na kuushika unga kama gundi
- Maji yaliyoondolewa ayoni, lita 10 au zaidi

Vifaa:

- Tanuri la bomba linalofika nyuzi 900 za Selsiasi, na bomba lake la kwatzi
- Silinda ya agoni na kidhibiti chake
- Kabati la kufyonza hewa chafu linalofanya kazi kweli
- Mizani, bureti, vichujio, kikoroga cha sumaku
- Potenshiostati, mashine inayoshikilia volti huku ikisoma mkondo
- Elektrodi rejea ya zebaki na oksaidi ya zebaki
- Fimbo ya grafiti, karatasi ya kaboni, chombo cha plastiki chenye mfuniko
- Sumaku kali. Ya spika mbovu inatosha

Agoni iagize mapema. Mafundi wa kuchomelea mjini wengi wana oksijeni, na oksijeni ndani ya tanuri lenye kaboni ya moto ni maafa.

Maji ya ziwa hayafai, hata yakichemshwa. Tanganyika ina magnesiamu nyingi, na maji yake yana ubesi, pH karibu 9. Ukiyeyusha KOH ndani yake, magnesiamu hutoka papo hapo kama ukungu mweupe, na ukungu huo hutua juu ya elektrodi yako. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi hubaki.

Chumvi ya Uvinza iache jikoni. Wapo wanaoitia kwenye maji ili umeme upite. Umeme utapita, lakini kwenye anodi, upande wa oksijeni, utaanza kuvuta gesi ya klorini, nayo ni sumu.

Maganda ya mise najua yatakujia akilini. Mkoa umejaa michikichi, maganda magumu yanabaki kila baada ya kukamua mawese, na hutoa kaboni nzuri yenye vitundu vingi. Lakini yana majivu, na majivu yana chuma. Chuma kikikutana na naitrojeni ndani ya tanuri hujitengenezea kichocheo chake, nawe hutajua kama sifa ni za kobalti au za majivu. Anza na kaboni nyeusi ya kununua. Mise ije raundi ya pili, ikiwa imechomwa juu ya nyuzi 800 ili ipitishe umeme na kuoshwa kwa asidi haidrokloriki.

## Hatua ya 1: Jua kwa nini umechagua metali hiyo

Ili gesi ya haidrojeni izaliwe, atomu ya haidrojeni hutua kwanza juu ya kichocheo. Ikishikwa kwa nguvu mno haiondoki. Ikishikwa kwa ulegevu haitui kabisa. Kinachotafutwa ni badiliko la nishati huru lililo karibu na sifuri.

Kobalti iliyozungukwa na naitrojeni nne ndani ya kaboni iko karibu na hapo kuliko nikeli iliyokaa vilevile, ambayo huishika haidrojeni kwa ulegevu. Kwa hiyo tunatumia kobalti. Mwenye kompyuta ya Linux na subira anaweza kulikagua hilo kwa Quantum ESPRESSO, programu ya bure ya kukokotoa nishati za atomu. Akumbuke tu kuongeza takriban eV (elektronivolti) 0.24 kwenye nishati ya kutua ili apate nishati huru. Asiye na kompyuta aendelee, hatakwama kwa hilo.

## Hatua ya 2: Ipe kaboni vishikizo

Kaboni nyeusi ilivyo haina mahali pa kumshika mgeni. Asidi ya naitriki huichokoa na kuacha vikundi vya oksijeni juu yake, na hivyo ndivyo vitakavyoinasa kobalti.

Weka gramu 2 za kaboni kwenye chupa ya kuchemshia, ongeza mililita 100 za asidi ya naitriki iliyopunguzwa nusu kwa nusu na maji, funga kipoozeo juu, pasha kwenye nyuzi 80 hadi 90 kwa saa sita huku ukikoroga. Ukipunguza asidi, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si kinyume chake.

*Onyo:* mvuke wa kahawia utakaouona ni naitrojeni daioksaidi. Huharibu mapafu, na madhara yake huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye wakati umeshafika nyumbani. Kazi hii ni ya ndani ya kabati tu.

Ikipoa, chuja na uoshe hadi maji yanayotoka yawe karibu na pH 6. Kausha kwenye nyuzi 70.

*Dalili ya mafanikio:* kaboni ambayo mwanzo ilielea juu ya maji sasa inazama na kutawanyika yenyewe.

## Hatua ya 3: Nasa kobalti, usiikaushie

Hapa ndipo kazi inapofia, kwa hiyo soma pole pole.

Wengi humwaga chumvi ya kobalti juu ya kaboni, kisha hukausha vyote pamoja. Maji yakiondoka, chumvi iliyokosa mahali pa kushika haina pa kwenda. Inajikusanya kuwa fuwele. Fuwele zikiingia tanurini huwa madonge ya metali. Kosa limeshafanyika kabla tanuri halijawashwa.

Tunafanya vingine. Tunaiacha kobalti ishikwe na kaboni ikiwa bado majini, kisha tunaosha kila kisichoshikwa.

Hesabu yake ni hii. Kwa gramu 1 ya kaboni tunataka kobalti isiyozidi asilimia 0.5, yaani miligramu 5. Chumvi yetu ina uzito wa molekuli 291, na kobalti ndani yake ni 59. Kwa hiyo miligramu 25 za chumvi hutoa miligramu 5 za kobalti. Sasa tazama upande wa pili: kaboni ikishapata naitrojeni ya asilimia 5, kazi ya Hatua ya 4, itakuwa na naitrojeni zipatazo 42 kwa kila kobalti moja, na kobalti inahitaji nne tu. Ziada hiyo ndiyo siri nzima. Harusi yenye viti mara kumi ya wageni haina wa kupakatana.

Mizani nyingi za shule hazipimi miligramu 25 kwa uaminifu. Usibahatishe. Pima miligramu 500, yeyusha kwenye maji hadi mililita 500, na kila mililita itabeba miligramu moja. Unachukua mililita 25.

1. Tawanya gramu 1 ya kaboni kutoka Hatua ya 2 kwenye mililita 100 za maji.
2. Rekebisha pH iwe kati ya 6 na 7 kwa matone ya KOH hafifu. Chini ya hapo vikundi vya oksijeni havivuti kobalti vizuri. Ukivuka 8 kobalti huanza kuganda kama haidroksaidi, na umerudi kwenye madonge.
3. Dondosha zile mililita 25 kwa bureti, tone baada ya tone, kwa saa moja hivi, ukikoroga bila kukoma.
4. Acha ikoroge usiku kucha.
5. Chuja, osha kwa maji mara mbili, kausha kwenye nyuzi 70.

Andaa pia sampuli ya pili isiyotiwa kobalti, ipite hatua zote zilizobaki sambamba na mwenzake. Bila hiyo huna cha kulinganisha, na msimamizi wako atakuwa na haki ya kuirudisha ripoti.

*Dalili ya mafanikio:* chukua kidogo ya maji yaliyochujwa, ongeza amoniamu thayosayaneti na asetoni. Rangi ya samawati ikitokea, kobalti fulani haikushikwa, na kiasi kidogo hakitishi. Samawati nzito ina maana vikundi vya oksijeni ni haba. Rudi Hatua ya 2. Ukiona wekundu, una chuma mahali fulani, mara nyingi kwenye maji yako.

## Hatua ya 4: Choma pamoja na urea

Oksijeni imeshikilia kobalti kwa muda tu. Katika joto kali itaondoka, na kabla haijaondoka lazima naitrojeni iwe imeshika nafasi. Urea ndiyo inayoleta naitrojeni.

Saga gramu 1 ya unga wa Hatua ya 3 na gramu 10 za urea kwenye kinu cha kauri. Urea ya mbolea ina naitrojeni asilimia 46 na inapatikana kila duka la pembejeo, lakini punje zake huwekewa vitu vya kuzuia kugandamana. Itumie kufanyia mazoezi ya tanuri, si sampuli utakayoiripoti.

Jaza chombo cha kauri theluthi moja tu. Urea huyeyuka kwenye nyuzi 133 na kufura. Ukijaza chombo, utaikuta imemwagika bombani.

Pitisha agoni kwa nusu saa kabla ya kuwasha moto. Kisha pandisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 800, kaa hapo saa moja, na uache tanuri lipoe lenyewe huku agoni ikiendelea kupita.

Maonyo ya hatua hii ni matatu, na hakuna la kurukwa:

*Gesi.* Inatoka amonia, na inaweza kutoka sianidi ya haidrojeni. Mrija wa kutolea uishie ndani ya kabati linalofyonza. Kama maabara yako haina kabati, hatua hii ifanyie chuo kingine. Dirisha lililo wazi si kabati.

*Kuziba.* Mabaki meupe ya urea huganda kwenye ncha ya baridi ya bomba. Yakiziba, shinikizo hupanda na kwatzi hupasuka. Tumia mrija mpana wa kutolea na uutazame hadi tanuri livuke nyuzi 500. Usiende kunywa chai.

*Umeme.* Ukikatika katikati, zima swichi ya tanuri ili lisijiwashe lenyewe umeme ukirudi, na iache agoni ipite hadi bomba lishuke chini ya nyuzi 100. Kaboni ya moto ikikutana na hewa hushika moto, na sampuli inabaki majivu.

*Dalili ya mafanikio:* unga mweusi, mwepesi, usio na chembe za kung'aa. Ukiona rangi ya manjano, joto halikufika. Yale ni mabaki ya kaboni naitraidi, ambayo yangepaswa kuisha kabla ya nyuzi 750.

## Hatua ya 5: Osha kwa asidi

Hata ukifuata yote, madonge machache yatakuwepo. Asidi huyala hayo na kuziacha atomu zilizofungwa na naitrojeni.

Weka unga kwenye asidi ya salfuriki ya moli 0.5 kwa lita, nyuzi 80, saa nane au zaidi. Chuja, osha hadi maji yawe karibu na pH ya maji yako, kausha.

Asidi ikigeuka waridi, simama. Miligramu 5 za kobalti hazina uwezo wa kutoa waridi linaloonekana kwa macho. Ukiliona, mkono ulizidisha mahali fulani, na ni afadhali uanze upya kuliko kusafisha kilichoharibika.

## Hatua ya 6: Kagua kwa vya bei nafuu kwanza

Anza na sumaku. Kobalti ya madonge huvutwa. Iliyokaa mojamoja haivutwi. Tandaza unga kwenye karatasi, pitisha sumaku chini yake. Unga ukiifuata sumaku, jibu umelipata bila kulipia nauli ya sampuli. Usipoifuata hujathibitisha kitu, ila una ruhusa ya kuendelea.

Kisha eksirei ya unga, inayoonyesha fuwele kama vilele kwenye pembe maalumu. Hapa wengi husoma vibaya: madonge ya kobalti hutoa kilele karibu na digrii 44, lakini kaboni nayo ina kilima chake kipana cha digrii 43 hadi 44, na kimoja humficha mwenzake. Tazama digrii 51.5, kwa mashine yenye shabaha ya shaba. Hapo kaboni haina kitu. Kilele kikitokea hapo, ni metali.

Jambo moja zaidi: eksirei haivioni vidonge vya nanomita moja au mbili. Chati safi husema tu kwamba hakuna madonge makubwa, na ndivyo uiandike.

## Hatua ya 7: Paka elektrodi

Miligramu 5 za unga, mililita 0.95 za isopropanoli na maji kwa usawa, mililita 0.05 za Nafion. Tikisa kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa nusu saa. Dondosha mililita 0.1 juu ya sentimita moja ya mraba ya karatasi ya kaboni, awamu mbili au tatu, na iache ikauke yenyewe. Unapata miligramu 0.5 kwa sentimita ya mraba. Paka na ile sampuli isiyo na kobalti.

## Hatua ya 8: Pima bila kujidanganya

Tengeneza KOH ya moli 1 kwa lita ndani ya chombo cha plastiki. KOH hula kioo na kuyeyusha uchafu wake. Vaa miwani: tone la KOH jichoni linaweza kukupofusha. Likitokea, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali.

Elektrodi ya pili iwe grafiti. Ukitumia platini, itayeyuka kidogo kidogo kwenye anodi na kutua juu ya kathodi yako, na kichocheo "kitaimarika" siku hadi siku. Baadhi ya matokeo mazuri ya ajabu ni platini iliyohama.

Elektrodi rejea ya fedha na kloridi isitumike hapa. Huvujisha kloridi, na besi kali huiharibu. Kwa ile ya zebaki, geuza usomaji uwe kwa kipimo cha elektrodi ya haidrojeni, hivi:

E (kwa haidrojeni) = E (uliosoma) + 0.098 + 0.059 × pH

KOH ya moli moja ina pH karibu 13.8, kwa hiyo unaongeza volti 0.912. Ukikosea pH kwa 0.2 umekosea milivolti 12, ndiyo maana mwenye haidrojeni na waya wa platini afadhali aisawazishe rejea yake moja kwa moja, kisha autoe waya huo kabla ya kupima sampuli.

Zungusha volti, yaani ipandishe na kuishusha, mara 30 hivi kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde ili elektrodi itulie, halafu pima kwa milivolti 5 kwa sekunde. Ukinzani wa myeyusho nao una sehemu yake: oma 5 kwa miliampea 10 hula milivolti 50 ambazo hazihusiani na kichocheo. Andika matokeo mawili, kabla na baada ya kuutoa ukinzani.

*Dalili ya mafanikio:* soma volti ya ziada, yaani umbali chini ya sifuri ya kipimo cha haidrojeni, inayohitajika kufikia miliampea 10 kwa sentimita ya mraba. Ile isiyo na kobalti itakuwa nyuma sana. Yenye kobalti ikifika chini ya milivolti 300, umefanya kazi nzuri. Ikilingana na platini jaribio la kwanza, usishangilie. Tafuta platini imetoka wapi.

Kisha iache ifanye kazi kwa miliampea 10 saa 24 mfululizo. Funga potenshiostati kwenye inveta yenye betri, la sivyo umeme ukikatika jaribio limekufa.

## Hatua ya 9: Kusanya gesi, ukikumbuka ulipo

Mkondo peke yake si ushahidi wa haidrojeni. Geuza bureti iliyojaa myeyusho juu ya kathodi, ukamate mapovu.

Vitabu vitakuambia kwamba miliampea 10 kwa saa moja hutoa mililita 4.6 za haidrojeni kwenye nyuzi 25. Hiyo ni kwa usawa wa bahari, na gesi ikiwa kavu. Ziwa letu liko takriban mita 775 juu ya bahari; shinikizo la hewa hapa ni karibu kilopaskali 92, na gesi iliyokusanywa juu ya maji hubeba mvuke wa kilopaskali 3 hivi. Ukiweka hayo kwenye hesabu, kiasi sahihi cha Kigoma ni karibu mililita 5.2. Asiyejua hili ataona kifaa chake kimetoa asilimia 113, na atadhani amevunja sheria za kemia.

Haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu hewani. Hakuna jiko, hakuna sigara, na bureti ifunguliwe karibu na dirisha.

## Upande wa oksijeni

Usiweke unga huu kwenye anodi. Kwa volti za huko kaboni yenyewe huungua taratibu. Kwenye KOH huoni povu la kabonidaioksaidi kwa sababu linamezwa na myeyusho. Unaona tu maji yakigeuka kahawia na mkondo ukipendeza. Mkondo huo ni kaboni inayokufa.

Tumia wavu au sponji ya nikeli, na uipe chuma kidogo. Itumbukize sekunde chache kwenye myeyusho hafifu wa feri naitreti, suuza, kisha zungusha volti ndani ya KOH. Chuma kikiwa kichache hukaa kimoja kimoja ndani ya tabaka za nikeli na kuiamsha. Kikivuka takriban robo ya metali yote, hujitenga na kuwa kutu isiyo na faida. Kanuni ni ileile ya kobalti. Na KOH ya kawaida ina chuma tayari kama uchafu, kwa hiyo nikeli uliyodhani ni tupu huenda isiwe tupu.

Usitarajie miujiza huku. Hatua mbili za kati za kuzaa oksijeni zimefungamana: hutenganishwa na eV 3.2 hivi, wakati inayofaa ni 2.46. Pengo hilo hukugharimu takriban volti 0.37 hata ubadilishe metali namna gani.

## Taka, na kutuma sampuli

Maji ya kobalti na asidi yasimwagwe sinki wala mferejini. Mfereji wa mjini unaishia ziwani, na watu huchota huko. Geuza besi kwa KOH hadi pH 9 au 10, kobalti igande, chuja, hifadhi mashapo kwenye chupa yenye lebo.

Uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa hadubini ya elektroni inayoonyesha atomu nzito kama nukta za mwanga, pamoja na eksirei ya sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei kali. Afrika bado haina sinkrotroni. Ya karibu ni SESAME, Yordani, na muda wa mashine huombwa kwa andiko la mradi. Kwenye data yake, kilele cha kobalti na naitrojeni hukaa karibu na angstromu 1.5, na cha kobalti kwa kobalti karibu na 2.2, kabla ya masahihisho ya awamu.

Tuma miligramu 100 za unga mkavu kwenye kichupa cha kioo, ukiambatanisha na ile isiyo na kobalti, pamoja na kidogo ya unga wa kabla ya Hatua ya 5. Kwenye lebo andika asilimia ya kobalti uliyoitia, joto, muda wa tanuri, na kama umeme ulikatika.